Tanki la Maji ya Waipa: Somo kwa Madereva wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Masika hunyesha Mombasa kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wakati huo ndipo dereva hukumbuka waipa. Tanki dogo la maji lililo chini ya boneti husahaulika mwaka mzima. Somo la toleo hili linahusu tanki hilo, kwa sababu kilichomo ndani yake kinagusa macho ya dereva, mapafu ya abiria na maisha ya watoto nyumbani.

Kuona barabara

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Tope likifunika kioo kwa sekunde tatu tu, umekwenda zaidi ya mita 40 bila kuona mtoto wa shule, bodaboda wala lori lililosimama. Changamwe, Magongo na Kipevu kuna malori mengi ya bandarini. Moshi wa dizeli ukichanganyika na vumbi huacha utando wa mafuta kwenye kioo, na usiku utando huo hutawanya mwanga wa taa za gari linalokuja mbele yako. Likoni na Kisauni, upepo wa bahari huongeza chumvi.

Usiwashe waipa kwenye kioo kikavu chenye vumbi. Mchanga unaonasa chini ya mpira hukwaruza kioo, na mikwaruzo haitoki. Nyunyiza maji kwanza. Mpira nao huliwa na jua letu: ukipasuka, ukiwa mgumu, ukipiga kelele au ukiacha mistari ya maji, ubadilishe kabla ya mvua.

Maji gani?

Wengi wetu hujaza maji ya kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi na chokaa, ambazo zikikauka huziba matundu ya kunyunyizia na kuacha madoa meupe kwenye kioo. Sabuni ya unga hutoa povu na kuacha ukungu. Jiki isitiwe kabisa, kwani huharibu mpira na rangi ya gari, na mvuke wake hudhuru kifua.

Tumia dawa maalumu ya kusafishia kioo cha gari. Kama ni ya kuchanganywa, ichanganye na maji safi yasiyo na chumvi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Mapafu

Kuna bakteria wanaoitwa Legionella. Huishi majini, huzaliana vizuri kwenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi, na huingia mapafuni mtu anapovuta hewa yenye matone madogo ya maji hayo. Husababisha nimonia kali. Mwaka wa 2010, watafiti wa afya nchini Uingereza walieleza kwamba madereva waliotumia maji matupu bila dawa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua. Mwaka wa 2014, watafiti wa Arizona, jimbo la joto kali huko Marekani, waliripoti kuwapata bakteria hao kwenye matanki ya mabasi ya shule.

Hapa kwetu, maji yaliyolala chini ya boneti huwa katika joto hilo karibu kila siku. Kwa hiyo tia dawa, na pia usiache maji yakae miezi. Unaponyunyiza, funga madirisha. Homa, kikohozi na kushindwa kupumua ni dalili za kumpeleka mtu hospitalini mapema, hasa mzee, mvutaji sigara au mwenye kinga dhaifu. Ugonjwa huu hutibiwa kwa antibayotiki.

Sumu ndani ya chupa

Baadhi ya dawa za kioo zina methanoli, inayozuia maji kuganda katika nchi za baridi. Mombasa maji hayagandi, kwa hiyo soma kibandiko na uchague isiyo na methanoli. Wakenya wanaijua sumu hii kwa majonzi: Mei 2014, pombe iliyochanganywa nayo iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, na wengine wakapofuka.

Dawa nyingi ni za buluu na huvutia kama juisi. Usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji. Ifungie mahali mtoto hafiki. Mtoto akiinywa, usimtapishe na usingoje dalili, kwani zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Mkimbize hospitalini, iwe Likoni, Port Reitz au Coast General, na uende na chupa yenyewe ili daktari ajue alichokunywa.

Fanya hivi kila mwezi

1. Nyunyiza hadi tanki liishe, lisuuze kwa maji safi, kisha lijaze upya.
2. Zibua matundu kwa sindano nyembamba.
3. Pangusa mpira wa waipa na kioo, nje na ndani, kwa kitambaa kibichi.
4. Hakikisha tanki lina kifuniko. Maji yaliyo wazi hualika mbu, nasi wakaazi wa Mombasa tunaijua dengue.

Mwenye matatu, usingoje ukaguzi wa NTSA wa kila mwaka. Abiria wanakutegemea uione barabara leo.