i7 ya Mwaka Gani, Mdogo Wangu?

Mdogo wetu anayejiunga na Chuo Kikuu cha Tom Mboya pale Homa Bay ameniandikia. Duka moja mjini Migori lina laptopu kuukuu ya i7, la jirani lina ya i5, bei karibu sawa. Roho yake iko kwa i7. Namwelewa, maana hata mimi jina hilo liliwahi kunilevya.

Mdogo wangu, i7 ni kama jina la ukoo: lina babu na lina wajukuu. Umri umo kwenye namba inayofuata kistari. i7-6600U ni ya kizazi cha 6, na ndani ina viini viwili tu, yaani ile mikono ya kufanyia kazi. i5-8250U, ya kizazi cha 8 iliyotoka 2017, ina vinne. Fungua kurasa nyingi pamoja na Zoom juu yake, utaona nani mkubwa. Tena Windows 11 hukubali kirasmi prosesa za Intel kama hizi kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache mno, na Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025.

Stika usiiamini. Yangu ya kwanza ilibandikwa i7. Nilipofika Rongo rafiki akaikagua, kumbe ni i5 ya kizazi cha 4! Nikapanda matatu kurudi dukani. Nikajibiwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo mwambie muuzaji aiwashe, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, kisha soma mstari wa prosesa mwenyewe. Akianza kuharakisha mambo, aga uende zako.

Herufi ya mwisho nayo ina maneno. U hula chaji kidogo, na stima ikipotea usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi utaishukuru. H ina nguvu, ila hupata joto na kumaliza betri upesi. Hiyo waachie wanaohariri video za harusi. Ukionyeshwa prosesa ya ukoo mwingine kama Ryzen 5 3500U usiikimbie, nayo ina viini vinne. Celeron N4020 hata ikiwa mpya ndani ya boksi, mimi singeigusa: viini viwili, na vyenyewe vichovu.

Pesa zikipungua, punguza kwingine. Katika laptopu nyingi za aina hii RAM ya GB 4 utaiongeza baadaye, diski utaibadilisha ukiweka SSD. Prosesa imelehemiwa kwenye ubao. Uliyonunua ndiyo utakayozeeka nayo.

Chukua i5, mradi ile namba ianze na 8 au zaidi. Na kabla hujatuma M-Pesa, nitumie namba yote hadi herufi ya mwisho niione.