Tucheze na Watoto Wetu

Somo la familia



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wazazi wengi huliona dogo, nalo ni michezo ya watoto wetu wadogo, tangu wale wa miaka 2 hadi wale wa miaka 8. Hatuzungumzi juu ya michezo ya kununua dukani. Tunazungumza juu ya vitu ambavyo baba, mama, babu, bibi na mtoto wanaweza kuvitengeneza pamoja hapa hapa nyumbani, kwa vitu vilivyopo uani na shambani.

Huenda wengine watatuuliza, “Mwalimu, msimu wa korosho una kazi nyingi. Tunapalilia, tunaokota, tunaanika, tunapeleka ghalani. Tutapata wapi nafasi ya kucheza na watoto?” Swali hili ni la haki. Lakini tukumbuke kwamba mkorosho ukikosa palizi mwaka huu, mwaka ujao utaupalilia. Mtoto hana miaka mitano mara mbili.

Mchezo una kazi gani?

Sisi tuliofundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi tulizoea kuona jambo moja kila mwaka shule zilipofunguliwa. Watoto walikuja wa umri mmoja, kutoka vijiji vile vile, lakini hawakuwa sawa. Mmoja alishika penseli kwa ngumi kama anayeshika mchi. Mwingine aliishika kwa vidole vitatu bila kufundishwa, kwa sababu alikuwa amezoea kufinyanga udongo na kufunga kamba. Mmoja alipoulizwa jina lake aliinamisha kichwa asijibu. Mwingine alieleza mambo ya kwao mpaka tukamwomba apumzike. Tofauti hiyo haikutokana na mali. Mara nyingi ilitokana na kuwapo au kutokuwapo kwa mtu mzima aliyekaa chini akacheza na kuzungumza na mtoto huyo.

Walimu wakuu wa zamani walilijua jambo hili. Friedrich Froebel, Mjerumani, alianzisha kazi yake ya kuwalea watoto wadogo kwa michezo mwaka 1837, na baadaye akaiita shule ya namna hiyo bustani ya watoto. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, akaonyesha kwamba mikono ya mtoto ikifanya kazi, akili yake nayo inafanya kazi. Lakini wazee wetu wa uwanda huu wa Makonde hawakungoja Roma. Mtoto wa mchonga vinyago hukaa karibu na baba yake akiangalia, kisha hupewa kipande cha mti mwepesi ajaribu, kabla hajagusa mpingo. Hiyo nayo ni shule.

Hata sheria inatukumbusha. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya nchi yetu, ya mwaka 2009, imetaja michezo na mapumziko pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Kwa hiyo anayempa mtoto ugali akamnyima mchezo hajamaliza wajibu wake.

Juu ya simu na michezo ya dukani

Siku hizi korosho zikishauzwa mnadani, baba hurudi na gari la plastiki au mwanasesere mwenye nywele za dhahabu. Si vibaya kumfurahisha mtoto. Lakini mara nyingi kabla fedha za korosho hazijaisha, gari limekwisha vunjika, na hakuna awezaye kulitengeneza, kwa maana hakuna aliyeliunda. Gari la ndala na kopo likivunjika, mtoto mwenyewe hulitengeneza tena, na safari hii huwa bora kuliko la kwanza.

Wengine humpa mtoto simu ili anyamaze. Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja na chini yake asiketishwe mbele ya simu wala televisheni, na mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mtoto aliyenyamazishwa na simu amenyamaza kweli, lakini lugha haijengwi kwa kunyamaza. Hujengwa kwa kuuliza na kujibiwa.

Tena tuondoe aibu. Wako wanaosema gari la kopo ni la mtoto wa maskini. La hasha! Jirani zetu wa Malawi huyaita magari ya waya yanayotengenezwa na watoto galimoto, na watu hutoka mbali kuyanunua na kuyatazama kwa mshangao. Kitu kilichoundwa na mkono wa mtoto ni ushahidi wa akili yake, wala si ushahidi wa mfuko wa baba yake.

Mambo matano ya kutengeneza

1. Gari la ndala. Chukua ndala zilizochakaa. Weka kikombe juu yake, mtoto achore duara nne kwa mkaa. Mtu mzima akate kwa kisu, kisha atoboe katikati. Bodi ni kopo la plastiki au boksi dogo. Toboa matundu mawili kila upande, upitishe vijiti viwili vilivyonyooka. Siri yake ni hii: kijiti kikaze ndani ya magurudumu, lakini kilegee ndani ya matundu ya bodi. Kikikaza kote kote, gari halitembei. Usimwambie mtoto siri hiyo upesi. Mwache alivute, lisitembee, umwulize, “Unadhani linakwama wapi?” Swali hilo lina faida kuliko gari lenyewe.

2. Udongo wa kichuguu. Udongo huu hushikana vizuri. Uponde, uondoe mawe na majani, uloweshe kidogo kidogo. Maji kwetu ni ya thamani, basi tumia yale yaliyosuuza vyombo. Mtoto wa miaka 2 atafinya tu. Wa miaka 4 atafanya chungu na mbuzi. Wa miaka 6 anaweza kufanya herufi za jina lake, akazianika kivulini zisipasuke. Hapo amekwisha anza kuandika.

3. Bao dogo. Bao kamili la wazee lina mashimo 32, yaani mistari 4 ya mashimo 8, na kete 64. Kwa mtoto chimba mistari 2 tu ya mashimo 6 mchangani. Tia mbegu 3 za ukwaju au vijiwe katika kila shimo. Mtoto achote mbegu zote za shimo moja, aziangushe moja moja katika mashimo yanayofuata, akihesabu kwa sauti. Mbegu ya mwisho ikiangukia shimo lenye mbegu, azichote zote aendelee. Ikiangukia shimo tupu, amekwisha, ni zamu ya mwenzake. Baada ya juma moja mwulize, “Mashimo 12 yenye mbegu 3 kila moja, jumla ni mbegu ngapi?” Atazihesabu zote, atapata 36, na hesabu hiyo hataisahau kwa sababu aliishika mkononi.

4. Mwanasesere wa gunzi. Gunzi la mahindi ndilo mwili. Kichwa ni kitambaa kilichokunjwa na kufungwa kwa uzi. Kipande cha kanga iliyochakaa ndilo vazi. Mtoto atambeba mgongoni, atamwogesha, atamkemea. Sikilizeni anavyomkemea, kwa maana hapo mtasikia maneno yenu wenyewe! Wavulana nao wasikatazwe. Anayejifunza kumbembeleza mtoto wa gunzi atajua kumbembeleza mtoto wake baadaye.

5. Kitabu cha nyumbani. Kusanya karatasi zilizoandikwa upande mmoja, uzikunje, uzishone katikati kwa sindano na uzi. Kila jioni mtoto achore kitu kimoja alichokiona siku hiyo. Mwulize, “Hiki ni nini?” Kisha andika chini ya picha maneno yake kama alivyoyasema. Ukitaka kubandika majani au vitambaa, tengeneza gundi ya mhogo: koroga kijiko kimoja cha unga wa mhogo katika kikombe cha maji baridi, weka motoni ukikoroga mpaka iwe nzito na kung’aa, iache ipoe. Kitabu kikijaa, msomee. Mtoto anayesikia maneno yake mwenyewe yakisomwa huelewa upesi kwamba maandishi ni sauti iliyowekwa akiba.

Jioni bila taa

Mbalamwezi ikiwaka, kaeni uani kwa hadithi na vitendawili. Msiogope kutumia Kimakonde, Kiyao au Kimakua. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya nyumbani hupata Kiswahili cha shule kwa urahisi. Na msitege vitendawili vya kale tu. Watoto wabuni vyao. Kwa mfano: “Tunda langu limebeba mbegu nje ya tumbo.” Mtoto wa Tandahimba akifikiri kidogo atajibu kwamba ni bibo na korosho yake. Kisha yeye atege cha kwake, hata kama hakina maana nzuri. Jibuni kwa bidii, msimcheke.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, korosho ghafi si mchezo. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi, midomo na macho. Mtoto asicheze bao kwa korosho, asizitafune, wala asikae penye moshi zinapochomwa.

Pili, mbegu za mbono na za mbarika zina sumu. Vile vile vimbegu vyekundu vyenye doa jeusi, ambavyo watu huvitungia ushanga, vina sumu kali. Msimpe mtoto.

Tatu, mtoto aliye chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni. Mbegu, vijiwe na vifuniko vya chupa vinaweza kumkaba koo. Acheze bao akiwa pamoja na mtu mzima tu.

Nne, kopo la bati lina makali. Ligongwe ukingo mpaka ulale, au tumieni la plastiki. Mifuko ya plastiki isivaliwe kichwani.

Baba naye

Mara nyingi kazi ya kucheza na watoto huachiwa bibi na mama. Baba huonekana kama mtu wa kuamuru na kuadhibu, basi mtoto akisikia hatua zake hukimbilia jikoni. Ndugu zetu akina baba, robo saa kabla ya chakula cha jioni yatosha. Kata gurudumu moja. Toboa tundu moja. Mwache mtoto ashike kijiti. Usimnyang’anye kazi kwa sababu anachelewa au anaipinda. Gari lililopinda, ambalo mtoto amelifanya mwenyewe, ni bora kuliko lililonyooka ambalo baba amelifanya huku mtoto amesimama akitazama. Mtoto aliyezoea kukuuliza juu ya gurudumu, ndiye atakayekuja kukuuliza ushauri akiwa na miaka 16. Asiyezoea, atamwuliza mwingine.

Nabii Zekaria, katika sura ya 8, alipotaka kueleza Yerusalemu itakavyokuwa itakapopata amani, alitaja wazee kwa vikongwe wameketi njiani na mikongojo yao, na wavulana na wasichana wakicheza papo hapo. Hakuwatenga. Mji wenye afya ni ule ambao mzee na mtoto wanaonana.

Basi juma hili tuanze na jambo moja tu kati ya hayo matano. Tusijaribu yote. Anayeanza na yote huacha yote.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi

1. Je, ni michezo gani tuliyoicheza tukiwa wadogo ambayo watoto wetu hawaijui? Nani kati yetu anaweza kuwafundisha?

2. Katika siku moja ya msimu wa korosho, mtoto wetu huzungumza na mtu mzima kwa muda gani, mbali na kuagizwa na kukemewa?

3. Ni vitu gani tunavyovitupa nyumbani ambavyo mtoto angeweza kuvitumia bila hatari?

4. Akina baba wa kikundi hiki, ni saa ngapi ya siku mnayoweza kuitenga?

5. Watoto waje Jumapili ijayo na vitu walivyovitengeneza. Kila mmoja aeleze alivyofanya. Tusitoe zawadi kwa wa kwanza, bali tuwasikilize wote.