Kichwa Kinauma: Si Kila Mara ni Panadol

Hakuna nyumba isiyojua kuumwa kichwa. Mtoto anarudi shuleni akilalamika kichwa, baba anatoka shamba amekifunga kitambaa, mama ana vidonge viwili kwenye pindo la kanga. Na dawa yetu ni moja kwa wote: kimbia dukani ukalete Panadol. Mara nyingi inatosha. Lakini kichwa huuma kwa sababu nyingi, na dawa ya kutuliza maumivu haiondoi kila sababu.

Maumivu ya kawaida kuliko yote ni yale ya kukaza. Mtu husikia kama amefungwa mkanda kuzunguka kichwa, pande zote mbili, lakini bado anaweza kufanya kazi zake. Huletwa na uchovu, mawazo mengi, usingizi mchache, au kuinamia cherehani kutwa nzima. Mtu huyu anywe maji, ale, apumzike, akandwe shingo na mabega. Ikibidi, mtu mzima ameze parasetamoli (ndiyo dawa iliyomo ndani ya Panadol) vidonge viwili vya miligramu 500, na arudie baada ya saa sita kama bado anaumwa. Asizidishe vidonge vinane kwa saa 24, maana dawa hii ikizidi huharibu ini. Aliyefika miaka arobaini na anaumwa kichwa kila akisoma, akapimwe macho. Huenda anahitaji miwani tu.

Kipanda uso ni jambo jingine kabisa. Mara nyingi hushika upande mmoja, kinagonga kama ngoma, na humletea mtu kichefuchefu au kutapika. Mwanga na kelele humkera, hata kutembea humzidishia. Wengine kabla ya maumivu huona vimulimuli au mistari inayometameta. Hali hiyo hudumu kuanzia saa nne hadi siku tatu. Wanawake hupatwa karibu mara tatu zaidi ya wanaume, na wengi hupatwa wakati wa hedhi. Inasikitisha kwamba mama wa namna hii akijifungia chumbani gizani, watu wa nyumbani husema anadeka au amerogwa. Hadeki wala hajarogwa. Ni ugonjwa, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo.

Mwenye kipanda uso ameze dawa mapema, mara tu anapohisi kinaanza, kwa sababu kikishakolea tumbo hufanya kazi polepole na dawa haifiki upesi. Parasetamoli au ibuprofeni humsaidia, ila mwenye vidonda vya tumbo na mjamzito waache ibuprofeni. Njaa pia hukiamsha. Kwa hiyo anayejua kwamba akishinda bila kula wakati wa Kwaresima hulala na kichwa, amweleze padre wake. Kanisa halimdai mgonjwa kufunga. Anayepatwa mara nyingi kila mwezi amwone daktari, kwani zipo dawa za kuzuia, kama propranololi na amitriptilini. Mwenye pumu hapewi propranololi, basi usiazime dawa ya jirani.

Sasa tumtazame yule mama mwenye vidonge kwenye kanga. Alianza kumeza mara moja kwa juma, baadaye siku moja baada ya siku moja, leo ni kila asubuhi. Anameza kwa sababu kichwa kinauma, na kichwa kinauma kwa sababu anameza. Kwa mwenye kichwa cha mara kwa mara, kumeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu na zaidi, huzaa maumivu mapya ya kila siku. Kwa vidonge vilivyochanganywa na kafeini au kodeini zatosha siku 10. Tiba yake ni kuziacha, kwa msaada wa mganga wa zahanati. Kichwa huzidi kwa siku kadhaa, kisha hutulia. Weka alama kwenye kalenda kila siku unayomeza, ndipo utakapojua umefikia wapi.

Kichwa chenye homa kipimwe. Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji tone moja la damu na majibu hutoka chini ya nusu saa. Ikiwa ni malaria, maliza dawa mseto yote ya siku tatu. Ikiwa siyo, itafutwe sababu nyingine. Mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini.

Na ikiwa watu wote wa nyumba moja wanaamka na kichwa na kizunguzungu, watazame jiko la mkaa waliloliacha ndani milango ikiwa imefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua. Wote watoke nje kwanza, kisha waende hospitali.

Wengi hudhani presha hujulikana kwa kichwa kuuma. Si hivyo, kwa kawaida presha iko kimya, na asiyeumwa kichwa asiache dawa zake.

Zipo hali zisizongoja kesho. Kichwa kilichopasuka ghafla kwa maumivu ambayo mtu hajawahi kuyapata. Kichwa chenye homa na shingo ngumu, au chenye kuchanganyikiwa, degedege, au udhaifu wa upande mmoja. Kichwa kinachozidi siku hadi siku kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kichwa baada ya kuanguka au kugongwa.

Na mjamzito aliyepita majuma 20, akiumwa kichwa kikali, macho yakaona ukungu, uso ukavimba au akaumwa chini ya mbavu, asipewe Panadol akaambiwa alale. Huenda kifafa cha mimba kinakaribia. Apimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo, hata kama siku yake ya kliniki ni juma lijalo. Hospitalini ipo sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege hiyo. Hatari haiishi siku ya kujifungua: hata mama mwenye kichanga cha juma moja au mawili akiona dalili hizo, apelekwe, iwe mchana au usiku.