VITABU VYA SKAUTI: TOLEO LA ZAMANI AU JIPYA?
Somo kwa kamati za sharika



Katika ziara zetu Mbagala, Chamazi na Bunju tumeulizwa swali moja mara nyingi: vitabu vya zamani vya skauti tulivyopewa tuvitumie, au tutafute vipya? Wazee husema ya kale ni dhahabu. Vijana wanataka vipya. Tujifunze pamoja.

Kwanza tukumbuke historia. Baden-Powell alitoa kitabu chake cha skauti mwaka 1908, na hadi alipofariki Nyeri, Kenya, mwaka 1941, kilikuwa kimetolewa upya mara nyingi kwa marekebisho. Kwa hiyo kurekebisha kitabu si kuuacha uskauti.

Yasiyochakaa
Mafundo ya kamba, kutumia dira, kusoma ramani, kufuata nyayo na kuishi kwa ahadi havibadiliki. Hapa kitabu cha zamani kinafaa sana, na mara nyingi kina michoro mizuri.

Yanayochakaa
1. Huduma ya kwanza. Katika usharika mmoja tulimkuta kijana akiwafundisha wenzake kuchanja jeraha la nyoka, kunyonya sumu na kufunga kamba kwa nguvu. Alikuwa akifuata kitabu chake kwa uaminifu. Leo tunafundishwa kinyume: mgonjwa atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikisike, naye apelekwe hospitali haraka. Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 hivi, wala asipakwe siagi au mafuta. Kwa mtu mzima ambaye moyo umesimama, vitabu vingi vya kabla ya mwaka 2005 vinasema mikandamizo 15 ya kifua kwa pumzi 2. Sasa ni 30 kwa 2.
2. Ulinzi wa watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Vitabu vingi vya zamani havisemi lolote kuhusu mtu mzima kulala hema moja na watoto. Kamati iweke kanuni hiyo kwa maandishi kabla ya kambi.
3. Mazingira. Vitabu vya zamani hufundisha kukata miti kujenga kambi. Mikoko ya pwani yetu ni hifadhi. Haikatwi bila kibali.

Tufanye nini?
Tusitupe sanduku zima, wala tusiligawe bila kulikagua. Mwombeni muuguzi wa zahanati iliyo jirani asome sura ya huduma ya kwanza. Kurasa zenye makosa zifungwe kwa gundi, na tarehe ya ukaguzi iandikwe kwenye jalada. Ndugu wafadhili, nakala chache mpya za huduma ya kwanza zitatusaidia kuliko sanduku kubwa ambalo halijakaguliwa.

Katika Mathayo 13:52 Bwana Yesu anamtaja mwenye nyumba anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Tuwe na hekima hiyo, maana kijana wetu ataliamini neno tulilompa siku mwenzake anapoumwa na nyoka.

Maswali ya kujadili
1. Vitabu vyetu vilichapishwa mwaka gani?
2. Nani atakagua sura ya huduma ya kwanza, na lini?
3. Je, kanuni yetu ya kambi imeandikwa?