Kuokoa au Kujizuia: Somo kwa Mwananchi Aliye Karibu na Ajali

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikusanyika kuchota petroli; moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilitumbukia katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Wavuvi waliwahi kufika kwa mitumbwi, na watu 24 walinusurika.

Tofauti ya matukio hayo si nia peke yake. Wavuvi walikuwa na vyombo na waliyajua maji. Mvuke wa petroli, kwa upande wake, hutambaa chini na huwashwa na cheche ndogo tu; hata aliyekwenda kumnusuru dereva hana ujuzi wa kuuzuia.

Kwa hiyo, kabla ya kusogea, mwananchi hana budi kujiuliza maswali mawili. Je, kilichomdhuru mhanga bado kipo? Ikiwa kipo, je, anacho kifaa na ujuzi wa kukikabili? Asipokuwa navyo, asiingie.

Mfano ulio karibu na kaya nyingi ni kisima au shimo la choo. Mchimbaji akizirai ghafla humo, ishukiwe hewa. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida; hutuama chini, haina rangi wala harufu. Anayeshuka kumfuata huvuta hewa ileile, naye huanguka. Hivyo ndivyo msiba wa mmoja unavyogeuka kuwa wa watatu. Kinga ni kamba imara iliyofungwa mwilini mwa mchimbaji kabla hajashuka, ili walio juu wamvute bila kumfuata.

Vivyo hivyo, aliyenaswa na umeme asiguswe kabla umeme haujakatwa. Anayezama arushiwe kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, au anyooshewe mti mrefu kutoka ukingoni.

Kujizuia si kukaa bure. Mmoja apige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112 ya Polisi, akitaja kijiji au mtaa, kilichotokea na idadi ya wahanga. Wengine wauondoe umati, na mmoja asimame barabarani kuwaelekeza waokoaji.

Jambo gumu kuliko yote ni kumshika ndugu asishuke shimoni alimo mwanawe. Anayemshika huenda akalaumiwa siku hiyo, lakini amewanusuru watoto waliobaki nyumbani wasipoteze mzazi. Ni vema kila kaya izungumze jambo hili mapema, na kila anayechimba kisima aanze na kamba. Tahadhari kabla ya hatari.