SOMO LA WAZAZI: MTOTO AKIWA MBALI NA MACHO YAKO

Andiko la kusoma: Danieli 1



Kila likizo watoto wetu wengine wanapanda basi kwenda Jinja au Mbale, huyu kwa shangazi, yule kutafuta kibarua. Sisi tunabaki kambini. Tumewaambia "usiibe, usidanganye", na ni vizuri. Lakini je, tumewafundisha namna ya kuamua wenyewe?

Tuchukue kamari ya mpira. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza mtu wa chini ya miaka 25 kucheza. Lakini kijana akisimama mbele ya nyumba ya kamari pale Jinja, sheria haitamshika mkono. Aliyezoea kusikia tu "baba hataki" ataangalia kama baba yupo. Baba hayupo. Aliyezoea kujiuliza "pesa hii ni ya nani, na ikipotea nani atalala njaa?" ana kitu cha kumsimamisha.

Danieli naye alikuwa kijana aliyetolewa kwao, akapewa hata jina jingine. Tunapenda kuhubiri kwamba alikataa chakula cha mfalme, tena tunaishia hapo. Someni vizuri. Aliazimia moyoni, akaomba kwa heshima, akasikia hofu ya mkuu wake, kisha akamwomba msimamizi awajaribu siku 10 kwa mboga na maji. Kijana huyu alifikiri! Mtoto anayepigwa kila anapouliza "kwa nini" hawezi kufika hapo.

Majirani wa Mbale wanalijua jambo hili kwa njia yao. Kwa Wamasaba, imbalu hufanyika kila mwaka wa namba shufwa na kufunguliwa Mutoto, karibu na mji. Kijana mwenyewe ndiye anayetangaza kwamba yuko tayari, na wakubwa wanamshauri na kumwonya. Hatusemi tuige tohara yao. Tunasema tu kwamba neno linatoka kinywani mwake.

Anzeni na mambo madogo. Mtoto akirudi dukani na chenji iliyozidi, usimpige wala usiichukue. Muulize, "Mwenye duka akihesabu jioni, itakuwaje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu, maana sisi wazazi tunapenda kujibu maswali yetu wenyewe. Akishaona, airudishe kwa mkono wake.

Sasa jambo zito. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR walihakiki wakimbizi wote Uganda, na hesabu ikashuka kutoka kama milioni 1.4 hadi milioni 1.1 hivi. Si kwamba wote waliokosekana walikuwa uongo; wengine walikuwa wameshaondoka. Lakini tunajuana. Mzazi anayemwambia mtoto "wakikuuliza, sema huyu ni ndugu yako" amefundisha somo ambalo mahubiri ya Jumapili hayataweza kulifuta. Njaa ni ya kweli, na rasheni imepunguzwa tangu 2020. Basi mwambie mtoto hivyo wazi: chakula ni kidogo, na jina la uongo hatutaandika. Atakuelewa kuliko unavyodhani.

Ya kujadili nyumbani kabla ya sala ya jioni: Mtoto wako akikuuliza, "Mama, mbona kwenye kadi yetu tuko saba na hapa ndani tuko watano?", utamjibu nini?