Wageni wanauliza simu wale wapi

SWALI: Nina hoteli ndogo ya chakula karibu na uwanja wa Kinoru, Meru. Siku za mechi tunajaa, siku nyingine meza ziko wazi. Kijana wangu anasema wageni siku hizi huuliza akili unde mahali pa kula. Nifanye nini?
Mama hoteli, Kinoru

JIBU: Kijana wako anasema kweli, mama. Tangu ChatGPT, programu ya akili unde, ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, wasafiri wengi huuliza swali moja na kupewa majina mawili matatu. Hoteli ambayo haijaandikwa popote mtandaoni ni vigumu kutajwa. Anza na Google Maps, ni bure: weka saa za kufungua, bei, picha za mukimo na nyama choma, na kwamba unapokea M-Pesa. Waombe wateja walioshiba waandike maoni.

Lakini chunga. Programu za akili unde hutunga jibu kwa kukisia neno linalofuata, na majina yanayofanana huzichanganya. Mlima Meru uko Arusha, Tanzania. Mji wako uko kando ya Mlima Kenya. Kwa hiyo andika “Kinoru, mjini Meru, Kenya” kila mahali.

Kuandaa menyu au kujibu wateja WhatsApp, tumia akili unde bila hofu, ila kagua kila bei kabla ya kutuma. Picha za chakula usiiachie iziunde: mgeni akikuta sahani tofauti, harudi. Na namba za simu za wateja usiziingize humo; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu hata biashara ndogo kama yako.